Vidole Nilivyovimalizia

Usimalizie kidole ambacho mwenzako hakukichora. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowaambia vijana wanaopanda mpaka kwangu hapa Kadutu kuniuliza kuhusu kazi ya kunakili michoro ya watu wa kale. Wanakuja na madaftari yao, wanatega kalamu, wanangoja nianze na rangi au na aina za karatasi. Mimi naanza na kidole. Basi wanatazamana kwa pembeni, wakidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Si kosa lao. Kaeni, wanangu. Kiti kile kina mguu mbovu, chukueni benchi, niwaeleze jinsi vidole vichache vilivyotaka kumharibia binti wa watu maisha yake.

Nilikuwa mchoraji wa chuo kimoja hapa mjini Bukavu kwa miaka mingi, mpaka waliponipa barua ya kupumzika. Kazi yangu ilikuwa kuwachorea wanafunzi vitu wasivyoweza kuvifikia kwa miguu. Somo lilikuwa la watu wa zama za mawe: zana zao, mifupa yao, na zaidi ya yote michoro waliyoiacha ndani ya mapango ya Ufaransa na Hispania, maelfu ya miaka iliyopita, mingi mpaka kichwa kinakuzunguka ukijaribu kuifikiria. Hakuna mwanafunzi wetu aliyekuwa na njia ya kwenda huko. Mimi mwenyewe sijaingia katika pango hata moja kati ya hayo. Tulikuwa na kitabu kimoja cha picha, kizito, ambacho Profesa alikifungia kabatini na kuuweka ufunguo mfukoni mwake. Kutoka kitabu hicho nilitoa michoro mikubwa ya karatasi ya kutundika ukutani, tuliyoiita planshi, ili darasa zima lione kwa pamoja.

Kabla ya hapo nilichora vibao vya barabarani. Saluni, mafundi cherehani, wauza samaki, vyumba vya maombi. Vibao vingi vya njia ya kwenda soko la Kadutu vilipita mikononi mwangu. Na ni mkono ulionifunza adabu. Kinyozi mmoja aliniagiza mkono ulioshika mkasi. Nikauchora unavyoonekana kweli, kidole cha mwisho kimejificha nyuma ya wenzake. Yule bwana alisimama mbele ya kibao chake kipya, akahesabu kwa sauti, akawaka.

"Papa, bidole ine? Unataka batu baseme kinyozi alijikata?"

Nikarudi kuongeza cha tano, kikasimama pembeni bila kazi yoyote, naye akafurahi na kunikaribisha soda. Toka siku ile nilishika kwamba mkono ni vidole vitano, na mchoraji anayetoa pungufu ni mzembe. Niliingia chuoni na elimu hiyo.

Profesa, ambaye wote tulimwita Prof, alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye magoti mabaya. Milima ya mji huu ilimtesa, na ngazi za chuo zilimtesa zaidi. Planshi ya kwanza aliyokuja kuitazama ilikuwa ya farasi. Niliitumia siku nne. Nilipoiona picha kitabuni nilimsikitikia aliyeichora, maana wale farasi walikuwa wanaelea tu: hakuna ardhi chini ya kwato, hakuna majani, hakuna mbingu. Nikasema moyoni, maskini, rangi ilimwishia. Nikamsaidia. Niliwawekea farasi majani mabichi, mti mzuri upande wa kushoto, na juu kabisa jua lenye miale. Halafu nikamwita Prof, kifua mbele.

Aliweka kidole juu ya ile miale.

"Bisimwa, hii jua umeiona wapi?"

"Prof, nyama haiwezi kusimama mu hewa. Niliona nimuwekee udongo na mwangaza."

"Na mwenye kuchora, njo alikuomba?"

Hakupandisha sauti. Alifungua kabati, akakiweka kitabu mezani, akaniambia siku hiyo nisiguse burashi. Nitafute jua ndani ya kitabu kizima, nikilipata, nimwite. Nilicheka kidogo, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Mpaka saa sita mchana nilikuwa bado nafungua kurasa. Sikuona jua. Sikuona mwezi wala mvua. Sikuona mti, mlima, mto, nyumba. Niliona wanyama tu, mamia ya wanyama: farasi, nyati wa manyoya, simba, faru, tembo wale wa zamani wenye nywele mpaka chini, wamepandana mmoja juu ya mwingine bila kuulizana njia. Watu walikuwa wachache mno, na wamechorwa ovyo, kama vijiti, au mtu mwenye kichwa cha mnyama. Lakini farasi, wanangu, farasi ana pua inayopumua. Nilipofunga kitabu niliogopa kukigusa tena. Nilielewa kwamba huyu niliyemsikitikia alikuwa mchoraji kunizidi mara mia, na kwamba aliacha ardhi na jua kwa sababu hakuvitaka.

Huo ndio woga mzuri niliokuja kuishi nao. Hata leo unanishika.

Prof alipenda kutuambia jambo ambalo sikulielewa kwa miezi. Katika pango moja maarufu, mifupa ya chakula iliyookotwa chini ilikuwa karibu yote ya kulungu wa nchi za baridi. Na ukutani? Kulungu huyo karibu hayupo. Walikula huyu, wakachora yule. Kwa nini? Nililibeba swali hilo ukumbini, nikamkuta Maman Nabintu, mama kutoka Mudaka aliyekuwa anafanya usafi chuoni, mikono kiunoni, ndoo miguuni. Nikamweleza ili nionekane msomi. Akanitazama kwa huruma.

"Bisimwa, sombe njo tunakula kila siku. Umeisha kuona mutu anachora sombe ku ukuta?"

Nikakumbuka vibao vyangu vyote. Simba, tai, ndege za abiria, Yesu akituliza bahari. Sombe, majani yetu ya muhogo, kamwe. Nilipomrudishia Prof jibu hilo alikaa chini, akacheka mpaka akatoa leso, na tangu mwaka ule alilifundisha darasani, akisema wazi ni la nani.

Siku nyingine Prof alifunga mapazia mchana, akawasha taa ndogo ya mafuta, akaipitisha mbele ya ukuta wa stoo uliokuwa umevimba kwa unyevu. Kwenye uvimbe ule nilikuwa nimechora nyati kwa makaa, kwa amri yake, tumbo lake likifuata uvimbe wenyewe. Mwanga ulipotembea, tumbo likapanda na kushuka. Nyati akavuta pumzi mbele yetu. Yule wa kale hakuweka mnyama ukutani, alimkuta tayari ndani ya jiwe, akamsaidia kutoka. Kwa hiyo nawaambieni, kabla hamjachora chochote, piteni kwanza na kiganja juu ya ukuta, mkiwa mmefumba macho.

Sasa nirudi kwenye vidole.

Wiki zilezile za farasi, kabla ya somo la jua, nilikuwa nimeshamaliza planshi nyingine, ya mikono. Mikono ya watu wa kale haikuchorwa. Mtu aliweka kiganja juu ya mwamba, akapuliza udongo mwekundu au unga wa makaa kukizunguka, akakiondoa. Pale mkono ulipokuwa panabaki peupe, na wekundu unauzunguka. Katika mapango fulani mikono mingi haijakamilika: huu una vidole vitatu, ule viwili, mwingine gumba peke yake. Wapo wanaosema vilikatwa, wengine wanasema vililiwa na baridi, wengine wanasema walivikunja makusudi, kama wawindaji wanaoambiana jambo bila sauti. Hakuna ajuaye kwa hakika. Mimi sikuuliza. Mbele ya macho yangu alisimama yule kinyozi wa Kadutu. Nikamaliza vidole vyote, mkono kwa mkono, tanotano, vizuri kabisa. Planshi ikatundikwa ghorofa ya juu, katika chumba cha mazoezi ya somo cha asistanti, msaidizi wa Prof wa kufundisha, ambako magoti ya Prof hayakumfikisha.

Baada ya somo la jua niliikumbuka. Ilinipasa kupanda siku ileile, kuitoa na kusema ukweli. Niliona haya. Nilikuwa nimeshaaibika kwa ajili ya jua, sikutaka kuaibika mara ya pili. Nikajiambia: vidole tu, nani atakufa kwa vidole? Miaka miwili ikapita, nikipita mlango wa chumba kile nikitazama viatu vyangu.

Mwaka wa tatu akaja Nsimire. Binti wa Idjwi, mkimya, mwenye macho ambayo hayakuruka kitu. Kaka yake mkubwa alikuwa ameacha masomo yake mwenyewe na kurudi kwenye mashamba ya kisiwani ili yeye aendelee, na nyumbani kwao walishasema hakuna mwaka wa kurudia. Ukianguka, unarudi. Alikuwa amebakiza kipindi cha pili cha mitihani, na katika somo letu aliulizwa kueleza mada kuu za michoro ya mapangoni. Aliandika wanyama, alama na nukta, uchache wa watu. Halafu akaandika ukurasa mzima kuhusu mikono iliyokosa vidole. Asistanti akampa sifuri kwa ukurasa ule, na sifuri hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Nilikuwa napanda ngazi na karatasi zangu zilizokunjwa nilipowasikia ndani ya chumba cha mazoezi.

"Mademoiselle, planshi iko hapa. Hesabu."

"Nimehesabu, Asistanti. Ku planshi iko tano. Ku kitabu ya Prof haikukuwa tano."

"Ile kitabu uliishika dakika ngapi?"

"Moja. Prof aliipitisha mu darasa, kila mutu dakika moja."

"Na mu dakika moja uliona kuliko planshi ya chuo?"

"Niliona ile niliona."

Alimwonyesha daftari lake, ambamo siku ileile ya kitabu alikuwa amenakili mikono mitatu kwa kalamu ya wino. Asistanti akasema daftari la mwanafunzi si ushahidi. Simlaumu, hata leo. Kitabu kilikuwa kimefungiwa, Prof alikuwa safarini na ufunguo, angerudi siku ya kikao cha kupitisha matokeo. Alichokuwa nacho mbele yake ni kazi yangu, na kazi yangu ilionekana nzuri. Ndicho kinachonichoma: ilionekana nzuri.

Sikuingia. Niligeuka na karatasi zangu, nikashuka, nikajifungia stoo na yule nyati wa ukutani. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Nikafikiria jinsi mtu wa vibao anavyopata kazi ya chuo mara moja tu maishani. Nikafikiria kwamba labda Prof atauona ukweli mwenyewe. Nikafikiria kila kitu isipokuwa kupanda ngazi.

Maman Nabintu akafungua mlango kutafuta ufagio, akanikuta nimekaa juu ya ndoo yake. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, ufagio mkononi.

"Ule mutoto ya Idjwi, iko analia ku ngazi. Miye nilifikiri amefiwa."

"Nitafanya nini, Maman?"

"Unaniuliza miye? Miye nilimaliza bidole ya nani?"

Akavuta ndoo yake, nusura nianguke, akatoka.

Ijumaa ya kikao nilipanda na planshi ya mikono chini ya kwapa. Mchoraji haingii katika chumba cha kikao. Hata kubisha ni utovu wa adabu. Nilibisha. Maprofesa walikuwa wamezunguka meza, karatasi mbele yao, Prof bado na vumbi la safari. Nikaifungua planshi sakafuni kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi.

"Muniwiye radhi. Hii mikono, miye njo nilimaliza bidole. Mu kitabu haiko vile. Ule binti wa Idjwi aliandika bien."

Asistanti aliinuka, macho mekundu kwa hasira. Aliniambia nimemfanya afundishe uongo miaka miwili, na hakukosea hata neno moja. Prof hakunitazama. Alitoa ufunguo, akamtuma mmoja wao kabatini, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa mikono, akakiweka sakafuni pembeni ya planshi yangu. Akapiga magoti, yeye na magoti yake yale. Akaanza kuhesabu kwa kidole, mkono mmoja kitabuni, mkono mmoja kwangu. Tatu, tano. Mbili, tano. Moja, tano. Chumba kizima kilimsikiliza. Alipofika mwisho alisema, bila kuinuka, "Ule mutoto alikuwa na dakika moja. Siye tulikuwa na miaka mbili." Ni asistanti mwenyewe aliyechukua kalamu na kusahihisha alama. Nsimire alipita.

Mimi niliambiwa nikae nyumbani mwezi mzima. Nilikaa. Niliona aibu hata ya kwenda misa, nikaenda ile ya asubuhi mapema ya watu wachache. Mwezi ulipokwisha nilirudi nikitegemea barua ya kufukuzwa. Prof alinipeleka ukumbi wa chini, kwenye ukuta mrefu mtupu, akasema: "Utaweka mikono yote hapa, ukubwa wake wa kweli. Hakuna kuchora. Utapuliza, kama bo batu ba zamani. Na hautaongeza kitu."

Wanangu, hapo ndipo nilipoanza kazi kweli. Kuchora ni kudanganya kwa ustadi. Kupuliza hakukupi nafasi hiyo. Nilichimba udongo mwekundu kwenye miteremko ya Mumosho, nikaleta nusu gunia. Wa kwanza nilioupaka ulikauka, ukabanduka, ukaanguka wote sakafuni, na aliyefagia ni Maman Nabintu. Alinicheka, halafu akanifundisha, maana kwao Mudaka ni yeye aliyekandika nyumba yake mwenyewe. Kwanza utwange. Halafu uchuje kwa kitambaa mara tatu, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga. Udongo mzito unaanguka, mwembamba unabaki: puliza kidogo, acha ukauke, puliza tena. Akashauri niongeze maziwa ili ushike. Nikampelekea Prof shauri hilo, akasema wale watu hawakuwa na ng'ombe. "Maskini," akasema Maman Nabintu, na aliwahurumia kweli.

Nilijaribu kupuliza kwa mdomo, udongo ukiwa ndani ya mashavu. Usijaribu. Nilifika nyumbani meno mekundu, mke wangu akapiga yowe akidhani natapika damu, majirani wakajaa uani, na ilinichukua nusu saa kuwaeleza watu wa Kadutu kwamba nalipwa kufanya hivyo. Baadaye nikapata dawa: bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani ambalo kila mtoto wa hapa amelichezea. Kata mawili, moja fupi na moja refu. Lile fupi lisimame ndani ya kikombe cha udongo wa majimaji, lile refu uliweke mdomoni, ncha zake zikutane kwa kona. Ukipuliza, udongo unapanda wenyewe na kutoka kama ukungu. Prof aliniambia wapo wanaodhani watu wa kale walitumia mifupa mitupu ya ndege kwa njia hiyohiyo. Nikakaa chini niliposikia. Nilikuwa nimefikia ujanja uleule, peke yangu, na bua la mpapai.

Kabla ya kugusa ukuta tulihitaji kujaribu. Nikamwomba Maman Nabintu mkono wake. Akaufuta kwenye kitenge, akauweka ukutani kwenye kona ya mwisho, vidole vimefunguka. Nsimire alishika kikombe. Alikuwa anakuja kila alasiri baada ya masomo, hakuna aliyemwita. Nikapuliza. Ilichukua muda mrefu, mama wa watu amesimama bila kutikisika, udongo ukiupaka mkono wake mpaka kwenye kiwiko. "Toa," nikasema.

Akatoa. Mkono ukabaki.

Hakuna niliyewahi kumwona akitazama kitu namna ile. Aliutazama ukuta, akautazama mkono wake mwekundu, akautazama ukuta tena. Akafanya ishara ya msalaba.

"Niko pale," akasema. "Na siko pale."

Nilianza kulia, sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimenakili mikono ile kama alama, kama mapambo. Kumbe kila mmoja ulikuwa wa mtu aliyesimama hivyo, ukuta baridi chini ya kiganja, pumzi ya mwenzake ikimgonga ngozi. Mtu mwenye jina. Na mimi nilimchukua mtu huyo, nikamwongezea vidole kwa sababu ya kinyozi.

Tulimaliza ukuta kwa miezi mitano. Kwa mikono yenye upungufu Nsimire alikunja vidole vyake kufuata kitabu, huu vitatu, ule viwili, na mimi nikapuliza kuvizunguka. Hakuna nilichoongeza. Prof alitelemka kuuona, akakaa kwenye kiti mbele yake alasiri nzima. Mwishoni alisema tu kwamba mkono wa kona, ule wa Maman Nabintu, usifutwe, ingawa haukuwa kitabuni.

Prof ameshatutoka. Maman Nabintu pia. Baada ya matanga, binti zake walikuja chuoni kutoka Mudaka, wakaulizia ukuta. Niliwapeleka. Mmoja baada ya mwingine waliweka viganja vyao juu ya ule mkono mweupe, na mdogo wao ulimwenea sawasawa. Niliwaacha peke yao, nikatoka nje kushughulika na kufuli ambalo halikuwa na tatizo.

Mwezi uliopita simu yangu ikalia. Nsimire. Siku hizi ndiye anayefundisha somo la Prof, ana miwani na mvi mbili tatu, lakini kwangu bado ni mtoto wa Idjwi. Akaniomba nije kuonyesha wanafunzi wake namna ya kupuliza. Mjukuu wangu alinisindikiza mpaka langoni. Niliwaonyesha jinsi ya kutwanga na kuchuja, nikakata mabua ya mpapai mwenyewe. Walipojaribu, wakamwagiana udongo, wakacheka. Halafu Nsimire akasema:

"Papa Bisimwa, yako haiko ku ukuta. Miaka yote hii."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepuliza mikono ya watu wote, wangu ukiwa umeshika bua.

Nikauweka karibu na wa Maman Nabintu. Lazima niwaambie kwamba baridi yabisi imekula vidole vyangu. Vya mwisho viwili vimejikunja ndani ya kiganja miaka sita sasa, daktari amekata tamaa navyo. Nsimire mwenyewe alipuliza. Nilisikia pumzi yake kwenye ngozi na udongo baridi ukishuka kwenye kiwiko. Sikutikisika. Akasema, "Toa, Papa."

Nikatoa. Pale ukutani palikuwa na gumba na vidole viwili. Vingine havipo.

Mwanafunzi mmoja wa mbele, binti mwenye roho nzuri, alinionea huruma. Alichovya burashi kwenye maji, akasogea, akitaka kufuta udongo kidogo pale vidole vilipopaswa kuwa, anitengenezee mkono kamili. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo.

"Wacha, mama," nikamwambia. "Iko vile."

Nsimire alikuwa nyuma yangu. Alichukua kiti cha Prof, kilekile, akakileta mbele ya ukuta, na mimi nikakaa.